Kati ya Tarehe ya Ukomo na Siku ya Malipo

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi nilipostaafu, kazi yangu serikalini ilikuwa moja ingawa vyeo na ofisi vilibadilika: kuthamini ardhi na mali za watu wanaotakiwa kupisha miradi ya umma. Nilianza upande wa ardhi, wilayani, kisha nikahamishiwa kwenye miradi ya nishati, na huko ndiko nilikotumia sehemu kubwa ya utumishi wangu, nikifuata njia za umeme mkubwa na mabomba ya gesi kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Mtu akisikia kwamba nilifanya kazi kwenye miradi ya umeme hudhani nilikuwa fundi au mhandisi. Vifaa vyangu vilikuwa futi kamba, kamera, fomu za uthamini na kidau cha wino wa dole gumba, kwa sababu kabla nguzo ya kwanza haijasimama ni lazima mtu aende shambani, ahesabu kilichomo, akiandike, na amwambie mwenye shamba kwamba serikali italipa.

Sheria zetu zinataka fidia iwe kamili, iwe ya haki na ilipwe kwa wakati. Katika mafunzo na semina tulizungumza sana juu ya mambo mawili ya kwanza, yaani viwango na namna ya kukokotoa thamani. Baada ya miaka yote hiyo ninaamini kwamba la tatu ndilo linaloamua kama mradi utapokelewa au utachukiwa, na ndilo ambalo mtumishi wa ngazi yangu alikuwa na uwezo mdogo zaidi juu yake.

Nilipomaliza masomo Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, miaka mingi kabla chuo hicho hakijawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, tuliongozwa na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Ardhi yote ilikuwa ya umma, kama ilivyo hadi leo, na kipande ambacho hakikuendelezwa hakikuwa na fidia. Tulilipa kile kilichoongezwa juu ya ardhi: nyumba, kisima, miti, mazao. Mkulima aliyeacha nusu ya shamba lipumzike misimu miwili ili udongo urudishe rutuba alihesabiwa kana kwamba nusu hiyo haikuwa yake, wakati jirani yake aliyelima mfululizo hadi udongo ukachoka alilipwa kwa kila shina. Wazee walituuliza kwa upole kabisa, tena mbele ya mkutano, kama serikali inamwadhibu mtu kwa kutunza ardhi. Hatukuwa na jibu zaidi ya kuwasomea kifungu.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchini na kusikiliza malalamiko ya ardhi mwaka 1991 na 1992. Ikafuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ambazo zilianza kutumika Mei 2001. Ardhi ilibaki mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote, lakini haki ya mtu ndani ya ardhi hiyo ilitambuliwa kuwa ina thamani, hata kama hajapanda mche. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zikaongeza yale ambayo kila aliyewahi kuhama anayajua: posho ya usumbufu, gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, kodi ya nyumba kwa miezi 36 na faida ya biashara kwa miezi 36. Kwenye karatasi hayo ni maendeleo makubwa, na ninayaheshimu. Hata hivyo faida ya biashara hukokotolewa kutokana na hesabu zilizoandikwa, na sijawahi kukutana na mama ntilie wa barabarani anayetunza vitabu vya hesabu. Biashara yake ilikuwa ya kweli, ilisomesha watoto, lakini mbele ya fomu ilikuwa vigumu kuithibitisha, na tulilazimika kukaa naye kwenye benchi lake asubuhi nzima, tukihesabu sahani zinazotoka, ili tupate walau makadirio ambayo mkaguzi asingeyakataa.

Uthamini wenyewe, ukitazamwa kwa karibu, ni kazi ya kutembea na kusikiliza. Huko Lindi, kwa mfano, mali kubwa ya mtu ni mikorosho. Mkorosho uliokwisha kukomaa huzaa kwa miongo mingi, na majedwali ya bei ya mazao huugawa kwa hatua za ukuaji wake: mche, mti unaokua, mti uliokomaa, mti uliozeeka. Karani anaweza kusimama kwenye kona ya shamba akahesabu vichwa vya miti na kuandika idadi. Nilichojifunza ni kwamba lazima uzunguke na yule anayeokota korosho, ambaye mara nyingi ni mwanamke, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba mti huu unaoonekana mzee bado unajaza gunia, na ule wenye majani mazuri haujazaa tangu upigwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Tulipomaliza, mwenye shamba alisimama mbele ya mali yake akiwa ameshika kibao chenye namba yake, akapigwa picha, akatia saini au dole gumba, na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wakashuhudia.

Hapo ndipo swali dogo lilipoweza kubadilisha maisha ya familia. Ukiuliza, "Shamba hili ni la nani?", utatajiwa jina la mwanamume, hata kama yuko Dar es Salaam kwa miaka kumi na harudi ila kwa misiba. Nilizoea kuuliza, "Shamba hili mnalima na nani?", na jibu lilikuwa tofauti kabisa, mama akasogea mbele, watoto wakubwa wakatajwa, na mara nyingine akatajwa mke wa pili mwenye sehemu yake upande wa bondeni. Wote waliingia kwenye fomu, na picha ilipigwa kwa pamoja. Wapo wenzangu walioona kwamba ninachelewesha kazi. Mimi nilikuwa nimeshuhudia siku za malipo ambapo mume alishuka kwenye basi asubuhi, akachukua hundi, na kuondoka na basi la jioni, huku mama aliyelima shamba hilo akiwa amesimama nje ya ofisi ya kijiji bila la kumwambia mtu.

Sasa nije kwenye lile linalonisumbua zaidi. Uthamini unapoanza, kwenye mkutano mkuu wa kijiji hutangazwa tarehe ya ukomo. Maana yake ni kwamba chochote kitakachojengwa au kupandwa baada ya siku hiyo ndani ya eneo la mradi hakitalipwa. Sababu yake ni ya msingi na siipingi, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu miche ya michungwa iliyochomekwa usiku mmoja, imesongamana kiasi kwamba hata mmoja usingeweza kukua, na fedha ya kuilipa ingetoka kwa walipa kodi ambao wengi wao ni maskini kuliko aliyeichomeka. Bila tarehe ya ukomo hakuna mradi ungekuwa na bajeti.

Lakini tarehe hiyo husimamisha maisha ya mtu siku hiyohiyo, wakati fedha itakayoyaanzisha upya inaweza kuja baada ya miezi au baada ya miaka. Nyumba huchorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kuanzia hapo mwenye nyumba hatengenezi paa linalovuja, kwa sababu ukarabati hautahesabiwa. Nilimfahamu mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amenunua mabati ya kumalizia nyumba yake wiki chache kabla ya mkutano. Aliyapanga sebuleni, akayafunika turubai, akasubiri. Nilipopita tena kwenye njia ile kwa shughuli nyingine, mabati yalikuwa palepale, yameanza kutu kwenye kingo, na mjukuu wake alikuwa akiyatumia kama meza ya kuandikia. Mwalimu yule hakunilaumu. Alinikaribisha maji, akaniuliza kama jalada limefika wapi, nami nilimjibu kile nilichokijua, ambacho kilikuwa kidogo sana. Mtu wa aina hiyo hawezi kukopa, kwa kuwa hakuna chama cha akiba na mikopo kitakachopokea dhamana ya nyumba yenye alama. Hawezi kumgawia kijana wake sehemu ya kiwanja. Hawezi kuuza, hawezi kujenga, na bado hajalipwa ahame.

Vijana wanaoingia kazini hudhani ucheleweshaji huo hutokana na uvivu wa watu wa ofisini. Uvivu upo, lakini sababu kubwa ni namna miradi ya nishati inavyogharamiwa. Mkopo wa kujenga njia ya umeme, hasa ule wa wafadhili wa nje, kwa kawaida hulipia vyuma, nyaya, transfoma na mkandarasi. Fidia hulipwa na serikali yenyewe, kwa shilingi, kutoka kwenye bajeti ileile inayogombewa na madarasa, dawa na barabara. Mkataba wa mkandarasi una adhabu ikiwa serikali itachelewa kumkabidhi eneo. Mkulima hana mkataba. Kwa hiyo uthamini hufanywa mapema ili wafadhili waridhike kwamba maandalizi yapo, na fedha hutafutwa baadaye. Katikati yake kuna safari ndefu ya jedwali la fidia, yaani orodha ya wanaolipwa na kiasi cha kila mmoja, ambalo lazima lisainiwe na mtendaji wa kijiji, wa kata, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa kabla halijafika kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa. Jina moja likikosewa, ukurasa hurudi mwanzo.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliweka mipaka iliyohitajika mno: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikizidi hapo iongezewe riba, na uthamini ukipitisha miaka miwili bila malipo ufanywe upya. Niliipokea sheria hiyo kwa furaha ya dhati. Hata hivyo kufanya uthamini upya si dawa kamili, kwa sababu bei mpya inalipia mali iliyopo, na mali imepungua kwa kipindi ambacho mwenyewe alizuiwa kuiendeleza. Riba nayo hukokotolewa juu ya fedha, wakati kilichopotea ni misimu ya kilimo na paa lililooza.

Kuna mambo mawili ambayo mtumishi wa chini anaweza kuyafanya, na nayaeleza kwa kuwa niliyaona yakisaidia. La kwanza ni kuwaeleza watu, mkutanoni na kwa maandishi, kwamba tarehe ya ukomo haiwakatazi kulima mazao ya msimu. Vijiji vingi nilivyopita viliacha ardhi ikawa pori kwa kuogopa tangazo ambalo hakuna aliyewafafanulia. Mahindi, kunde, karanga na ufuta vingeweza kuvunwa mara kadhaa kabla ya tingatinga kufika. La pili ni kubandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji barua fupi inayosema jalada liko ofisi gani na linasubiri nini. Nilianza kufanya hivyo bila kuagizwa. Wapo waliohofia kwamba barua hizo zingetumiwa dhidi yetu mahakamani. Sikuona hata moja ikitumiwa hivyo. Nilichokiona ni mikutano iliyotulia, kwa sababu mwananchi anayejua kwamba karatasi yake iko mkoani ikisubiri saini humwendea mbunge wake au diwani kumwomba afuatilie, badala ya kumtupia mawe mpima ardhi.

Mpango wa umeme vijijini ulinifundisha kuhusu fidia jambo ambalo sikulipata chuoni. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005 na wakala wake, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo njia ndogo za umeme zimefika karibu kila pembe ya nchi yenye vijiji 12,318. Katika miradi hiyo wanakijiji walitoa njia bila kulipwa. Niliona watu wakikata miembe yao wenyewe kwa shoka ili nguzo zipite, kwa kuwa walijua kwamba kwa shilingi 27,000 nyumba zao zingeunganishwa. Watu haohao, njia ya kilovolti 400 ilipopita kwenye mashamba yao, walidai kila mche, na walikuwa na haki. Njia kubwa kama ile ya Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa kilomita 670, husafirisha umeme kutoka kituo hadi kituo, na hauwezi kuchotwa katikati kwa ajili ya kitongoji. Mwananchi hulala chini ya nyaya zinazovuma usiku kucha huku akiwasha kibatari. Nilipata nafasi ya kuwaambia wakubwa zangu, zaidi ya mara moja, kwamba vijiji vilivyo kando ya njia kubwa viwekwe mwanzoni kwenye orodha ya umeme vijijini, kama sehemu ya gharama ya mradi wenyewe. Pale ilipofanyika hivyo, kazi yetu ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa wazi kupisha njia ya umeme, ilikuwa nyepesi kuliko kwingine kote.

Suala la bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Bwawa lenyewe liko kwenye ardhi ya hifadhi, ndani ya lile lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Huko hakuna shamba la mtu la kuthaminiwa, na mjadala wote uliosikika duniani ulihusu wanyama na mto. Mtumishi wa ardhi, hata hivyo, huanza kuhesabu pale umeme unapotoka hifadhini kuelekea kituo cha Chalinze, takriban kilomita 160, kwa sababu huko ndiko kwenye nyumba, visima na misikiti.

Nizungumzie pia ardhi ya vijiji, kwa kuwa nishati haichukui mkuza tu. Katikati ya miaka ya 2000 yalikuja maombi mengi ya ardhi kwa ajili ya mibono, ambayo mbegu zake zingekamuliwa mafuta ya mitambo na magari. Mashamba yaliyoombwa yalikuwa ya maelfu ya hekta, hasa Pwani na Lindi. Kwa utaratibu wetu mwekezaji wa kigeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji moja kwa moja, hivyo ardhi huhawilishwa kwanza, yaani hubadilishwa kisheria, kuwa ardhi ya jumla, isiyo tena chini ya kijiji. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye uamuzi. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Nilihudhuria mikutano ambayo wanakijiji walikubali kwa matumaini ya ajira, zahanati na visima. Miaka michache baadaye soko la mibono lilianguka na baadhi ya wawekezaji wakaondoka, lakini ardhi haikurudi kijijini yenyewe, kwa kuwa kisheria ilikwisha kuwa ya jumla na hati ilikuwa ya mwekezaji. Wanakijiji waliendelea kuitwa wavamizi kwenye pori walilokata kuni tangu utotoni. Tangu hapo nilishauri kila kijiji nilichokaa nacho waombe kwanza kukodisha kwa muda, na kama uhawilishaji hauepukiki, waandikishe masharti ya ardhi kurejeshwa endapo shughuli itakoma. Sasa miradi ya umeme wa jua imeanza, kama ule wa Kishapu mkoani Shinyanga, nayo huhitaji eneo zima badala ya ukanda. Ushauri huo una uzito kuliko ulivyokuwa wakati wa mibono.

Makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969, na yana ugumu ambao hakuna kanuni inayoweza kuumaliza. Kiwango cha fedha hakibishaniwi sana. Kinachohitajika ni mtumishi mwenye subira ya kutembea na mzee wa ukoo polepole, kwani makaburi mengi ya vijijini hayana saruji wala jina, ila mawe mawili ya mashahidi yaliyokwisha kuzama kwenye nyasi, na mzee hukumbuka moja baada ya jingine kadiri anavyotembea. Tulizoea kutenga siku nzima kwa shughuli hiyo peke yake, tukiwa na shehe au mchungaji, na hatukuichanganya na kuhesabu miti. Wahandisi wawili niliofanya nao kazi walikubali kuhamisha kona ya njia kwa mita chache ili kupisha makaburi ya ukoo mzima. Gharama ya nguzo iliongezeka kidogo, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Karibu na kustaafu nilipangiwa njia fupi ya kuunganisha kituo cha kupozea umeme na wilaya jirani. Mhandisi aliyesimamia mradi alikuwa amechoshwa na mivutano ya mikuza, akasisitiza kwenye vikao vya bajeti kwamba hatasaini ratiba yoyote hadi fedha ya fidia iwe imewekwa kwenye akaunti maalumu, kwa makadirio ya awali na nyongeza ya tahadhari. Alikawia kuanza kuliko wenzake, na alisemwa kwa hilo. Sisi tulitangaza tarehe ya ukomo wakati fedha iko benki tayari. Tulithamini mara baada ya mvua za masika, jedwali likaidhinishwa, na waguswa, yaani wenye mali zilizopitiwa na mradi, wakalipwa kwenye akaunti zao, mume na mke wakiwa wote wamejulishwa, kabla ya msimu uliofuata wa kupanda. Siku ya kushughulikia malalamiko, meza yetu ilipokea marekebisho ya majina yaliyokosewa herufi, na mgogoro mmoja wa mpaka baina ya ndugu, ambao baraza la ardhi la kijiji liliumaliza palepale. Mkandarasi alipoingia, mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa na hakukuwa na familia hata moja iliyobaki ndani ya mkuza.